Usitie Mafuta Juu ya Uchafu



Jirani yangu huchukua maziwa kwa baisikeli na kuyauza mjini. Juzi mnyororo ulimkatikia njiani. Alipofika akisukuma kwa mkono, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali na maziwa yameharibika yote. Alinijia kwa uchungu: "Ndugu yangu, mnyororo huu nautia mafuta kila asubuhi. Kosa langu nini?"

Kosa lake ndilo kosa la wengi wetu. Hutia mafuta, lakini hasafishi.

Utazame mnyororo wako. Kila kiungo kina pini, na juu ya pini kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka. Mafuta yanatakiwa humo ndani, chuma kinaposuguana na chuma. Nje hayana kazi ila kukamata vumbi. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama tope la kunolea kisu, nalo hula pini kila unapokanyaga pedali. Ukiongeza mafuta juu yake, unausukuma mchanga ndani zaidi.

Basi fanya hivi. Ipindue baisikeli, kiti na usukani viwe chini. Tafuta kiungo chenye springi, uiondoe kwa bisibisi na kuiweka mahali isipopotea. Loweka mnyororo katika kopo la mafuta ya taa kwa robo saa, kisha usugue kwa mswaki mkuukuu. Badili mafuta na kurudia mpaka yabaki safi. Kaa mbali na moto, na usitumie petroli kamwe, maana mvuke wake hushika moto upesi. Uanike mnyororo mpaka ukauke kabisa. Huku nyuma, yafute magurudumu ya meno, la mbele na la nyuma.

Kabla ya kuurudisha, upime. Katika mnyororo mpya, toka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa inchi 1/16, nunua mwingine. Ukingoja mpaka izidi kwa inchi 1/8, huenda ukanunua na magurudumu ya meno pia.

Unaporudisha springi, mdomo wake ulio wazi utazame nyuma, kinyume cha mnyororo unakokwenda. Ukikosea hapo, itachomoka njiani.

Sasa tia tone moja tu la mafuta ya cherehani, au mafuta mapya ya injini, juu ya kila kigurudumu kidogo. Zungusha pedali kwa dakika chache yapate kupenya. Kisha chukua kitambaa kikavu, uyafute yote yaliyo nje. Hapa wengi huona hasara: tumeyanunua, mbona tunayafuta? Yaliyo ndani yamebaki, nayo ndiyo yafanyayo kazi.

Mafuta ya kupikia usiyatie, huganda kama gundi. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika yana uchafu tayari. Grisi ni nzito, haipenyi, na hushika vumbi.

Wakati wa kiangazi, ufute mnyororo kila jioni. Ukinyeshewa, uukaushe siku hiyo hiyo na kuutia mafuta upya.

Jirani yangu amekwisha nunua mnyororo mwingine. Jioni namwona uani, kitambaa mkononi. Kitambaa kile ni kipande cha shati kuukuu, hakikumgharimu hata senti moja. Maziwa ya siku ile yalimgharimu.