Betri Ilikufa, Tukamtuhumu Dereva



Ndugu wasomaji, miongoni mwa mambo ambayo Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tusiyacheleweshe ni maziko ya maiti. Kwa ajili hiyo msikiti wetu una gari dogo la abiria, lililoondolewa viti vya nyuma na kutiwa mapazia meusi, ili libebe jeneza. Kuna juma hutoka kila siku, na kuna juma hukaa uani bila ya kuguswa.

Asubuhi moja maiti alikwisha kuoshwa na kukafiniwa, na watu walikwisha kujipanga. Dereva akazungusha ufunguo, stata ikalia "tk, tk", kisha kimya. Tulihangaika kutafuta gari la kuazima, na maziko yaliyokusudiwa baada ya Adhuhuri yakafanyika Alasiri ikikaribia. Mama wa marehemu alikuwa barazani akitutazama, nasi hatukuwa na neno la kumwambia.

Hiyo ilikuwa betri ya pili katika miezi michache, na zote mbili zilinunuliwa kwa sadaka za waumini. Usiku ule kamati ikakutana. Mmoja alisema dereva husikiliza redio garini usiku. Mwingine akasema huchaji simu za majirani. Wa tatu akauliza kama betri mpya haikubadilishwa kwa kuukuu. Mzee wetu huyo, anayetuendeshea gari kwa kujitolea, akaapa kuwa hakufanya lolote katika hayo, akaweka funguo mezani na kuondoka. Mimi, katibu, nikaandika katika kumbukumbu za kikao: "Dereva aonywe."

Siku ya pili tulimwita fundi umeme wa magari. Yeye hakuuliza habari za dereva. Alichomoa waya wa upande wa hasi, akaunganisha mita yake baina ya waya ule na kichwa cha betri, milango yote ikiwa imefungwa na ufunguo umetolewa. Mita ikasoma ampea 0.45. Akatueleza kuwa magari mengi yakiwa yamelala hayapaswi kuzidi ampea 0.05. Kisha akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye fyuzi ya taa za ndani, mita ikashuka hadi 0.03.

Taa hiyo ilikuwa nyuma, juu ya mahali pa jeneza: balbu ya wati 5. Swichi ya mlango wa nyuma ilikuwa imelika, ikawa haizimi taa mlango unapofungwa, na mapazia yakauficha mwanga wake. Ampea 0.45 kwa saa 24 ni takriban ampea-saa 11. Betri yetu ni ya ampea-saa 60, hivyo baada ya siku nne za kukaa bure hubakiwa na chini ya theluthi. Juma lenye misiba mingi alteneta ilirudisha kilichonywewa; juma la utulivu betri ilikufa. Ndiyo maana tatizo lilionekana kama hila ya mtu.

Swichi mpya tuliipata kwa bei ndogo mno ukiilinganisha na ya betri. Ama betri ya kwanza, ambayo pengine ilihitaji kuchajiwa tu, tulikwisha kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Basi kwa familia zenye gari nyumbani, nawausia yafuatayo kabla hamjanunua betri.

Kwanza, tazameni vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au waya unaocheza, huenda ugonjwa ni huo. Safisheni na kukaza.

Pili, gari likilala usiku kucha, pimeni volti. Betri iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12 iko karibu na kuisha. Kisha washeni injini: kwa magari mengi mita hupanda hadi baina ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, uchunguzi uelekezwe kwenye alteneta au mkanda wake.

Tatu, asiye na mita achaji betri ijae, kisha achomoe waya wa hasi usiku na kuurudisha asubuhi. Gari likiwaka vizuri, ilhali usiku mwingine lingekufa, basi kuna kitu kinachonyonya umeme. Betri ikifa hata ikiwa imechomolewa, basi imechoka yenyewe.

Nne, kipimo cha ampea aachiwe fundi. Injini haiwashwi mita ikiwa imeunganishwa namna ile, na magari ya kisasa husubiriwa hata nusu saa mpaka kompyuta zake zilale. Wala msisogeze moto karibu na betri, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Na msiizoee hali ya kubusti kila asubuhi. Betri ya gari inayoachwa ikaisha mara kwa mara hupungua uwezo wake, hata ikiwa mpya.

Limebaki lile la kikao. Sote tuliokaa pale tumesomeshwa Suratul Hujurat, na tunajua ilivyokataza dhana na ilivyoamrisha kuhakiki habari. Hata hivyo, fundi alihakiki kwa muda usiozidi saa moja, nasi watu saba tulishuku usiku mzima bila hata ya kufungua mlango wa nyuma.

Tulimtuhumu mzee wetu mbele ya watu saba, tukamwomba radhi mbele ya watu saba hao hao. Nikaandika katika kumbukumbu kuwa onyo limefutwa, nikataja na sababu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo zake mezani, akauliza jambo moja tu: je, familia ya marehemu wa siku ile imeombwa radhi? Haikuwa imeombwa. Tulikwenda jioni ile ile, naye akatuendesha.

Wabillahi tawfiq.