Usiniambie "ni mchezo tu"

Leo nina neno na nyinyi mnaotuambia "ni mchezo tu" timu zetu zikifungwa. Mnakosea, na nitawaeleza kwa nini.

Tarehe 23 Juni 2025, saa tisa usiku, niko chumbani Kibokoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, bando lenyewe la kuhesabu. Gemu 7 ya fainali ya NBA, Indiana Pacers na Oklahoma City Thunder. Mimi ni Pacers. Ndiyo, najua, mtaani kwetu kila mtu ni Lakers ama Warriors. Mimi nilimpenda Tyrese Haliburton, manake Aprili mwaka huo wachezaji wa NBA waliulizwa bila kutajwa majina ni nani anasifiwa kupita kiasi, na yeye ndiye aliyetajwa zaidi. Akawajibu uwanjani. Gemu 1 ya fainali Pacers hawakuongoza hata mara moja mpaka zikabaki sekunde 0.3. Akautia yeye, 111-110. Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa Gemu 7. Robo ya kwanza tu kashatia mitatu ya pointi 3. Halafu akataka kuchomoka na mpira, mguu ukakataa, akaanguka bila kuguswa na mtu. Mshipa wa kisigino umekatika. Anapiga sakafu kwa mkono. Hapo nikalia, wallahi sifichi.

Nyanya alikuwa ameamka kuswali tahajudi. Akaja mlangoni na tasbihi yake.

"Kwani kuna nani kafa?"

"Hakuna, nyanya. Haliburton kaumia."

"Mtoto wa nani huyo?"

"Mmarekani. Mchezaji."

Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mamake yuko hapo anamuona?"

Mapumziko tulikuwa mbele 48-47. Tukamaliza 103-91, tumefungwa. Pacers hawajawahi kuchukua ubingwa wa NBA. Mwaka 2000 walifika fainali wakatolewa na Lakers, 2025 wakafika tena, ikawa hivyo.

Asubuhi barazani nikapata zile dawa zenu. "Ni mchezo tu." "Hata hawakujui hao." "Kwani wakulipa ngapi?" Sawa, hawanijui. Lakini miezi miwili nilikuwa naamka usiku kwa ajili yao. Kitu ulichokipa usingizi wako si "tu".

Na usidhani ni ugonjwa wa kupenda vya Wamarekani. 2021 nilikuwa sekondari, Morans wetu wakarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Tulipita kwa sababu Tylor Ongwae aliwatia Angola mpira wa mwisho kule Yaoundé, 74-73. Tukaenda Kigali, tukamfunga Mali, halafu tukatolewa na Sudan Kusini, 60-58, mlango wa robo fainali. Pointi 2! Ile bado inaniuma kuliko ya Pacers.

Lakini angalia hao hao Sudan Kusini. Ndiyo ilikuwa AfroBasket yao ya kwanza. Julai 2024 wakacheza na Marekani ya LeBron na Curry kule London, mechi ya kirafiki, wakafungwa 101-100. Kama ingekuwa "mchezo tu", wangecheka wapige picha na LeBron waende zao. Hawakuichukulia hivyo. Wakaenda Olimpiki Paris wakamfunga Puerto Rico, 90-79. Kufungwa kukikuuma, unarudi na kitu. Kusipokuuma, unarudi na picha.

Kwa hivyo mimi sisemi usilie. Lia, lakini kwa adabu.

Kwanza, hata msiba sisi tumewekewa siku 3. Mpe timu yako 3. Usifungue vipande vya mechi, usibishane barazani. Ya nne toka nje.

Pili, usimtukane mchezaji. Haliburton alicheza ile Gemu 7 huku misuli ya mguu ikimsumbua tangu Gemu 5. Baadaye aliandika kwamba hajuti, angerudia tena. Wewe ukiumwa na kichwa hutumwi dukani.

Tatu, na hii ndiyo nzito. Jiulize unalia timu ama unalia mkeka. Mimi niliweka pesa playoffs zilizopita kabla ya hizo, mkeka ukachanika, na nikamchukia mchezaji wangu mwenyewe kwa sababu ya shilingi 500. Niliacha. Vijana wengi hapa Mombasa wanaosema wanaumizwa na timu, timu haina habari nao, ni deni tu. Hilo nalo ongea na mtu, usilinyamazie.

Nne, kama mapenzi ni ya basketi kweli, nenda Makande ukaangalie KPA wakicheza. Ni hapa hapa kisiwani, na usingizi wako hauguswi.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili watu waliniambia "si mwisho wa dunia", wakageuza stori. Ni lile lile "ni mchezo tu" limevaa kanzu. Maana yake nyamaza, usitusumbue. Nyanya peke yake ndiye aliyekaa kitako akaniuliza ilikuwaje, na akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na jibu lolote. Lakini siku ile nililala.

Basi rafiki yako akifungwa, timu ama maisha, muulize ilikuwaje. Hata kama hujui sheria za mchezo. Nyanya mpaka leo hajui Indiana iko wapi, lakini kila mara akiniona na simu usiku lazima aulize: "Yule mtoto, mguu wake ushapona?"