Mwenye Mzigo Akifa Njiani

Jumapili hii nakuandikia nikiwa bado na vumbi la Kisaki viatuni. Anayetoka Morogoro mjini kwa barabara hupita Matombo na Mvuha, akateremka hadi Duthumi, hata milima ya Uluguru ikabaki nyuma yake kama ukuta wa buluu, na mbele yake ukafunguka uwanda wa joto unaopitiwa na Mto Mgeta. Anayetoka Dar es Salaam aweza pia kupanda gari moshi la TAZARA na kushuka Kisaki Stesheni. Mimi nilikwenda kwa barabara, kwa sababu nilikuwa nawahi maziko ya jamaa yangu, na maziko hayasubiri ratiba.

Siku ya kuanua matanga palitokea jambo dogo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu wa dini katika kigango cha pale kwa miaka mingi, ndiye aliyepewa kutunza rambirambi. Watu walipokwisha kula, aliagiza mkeka utandikwe katikati ya uwanja, akamwaga fedha zote juu yake, sarafu kwa noti, akamwita binti wa shule aje na daftari. Alihesabu kwa sauti, na binti akaandika. Kazi ile ilichukua muda mrefu, jua likatuchoma. Kijana mmoja akamwambia, "Babu, ya nini taabu yote hii? Sisi tunakuamini." Mzee hakuinua hata kichwa. Alijibu, "Mnaniamini kwa kuwa hamjaniona nikiwa na njaa." Kisha akaendelea kuhesabu.

Watu walicheka. Mimi nilijaribu kucheka, cheko likanikwama. Sababu yake nitakueleza kabla hatujaagana, lakini kwanza niruhusu nikupeleke nyuma kidogo, kwa mtu aliyewahi kupita katika nyanda hizi hizi zilizo chini ya Kisaki.

Kusini ya Kisaki, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2019 linaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kuna mahali paitwapo Behobeho. Wasomaji waliosoma habari za Vita Kuu ya Kwanza wanalijua jina hilo, kwa kuwa ndipo alipouawa kwa risasi Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, tarehe 4 Januari 1917, na pori lote likaja kupewa jina lake. Lakini miaka 38 kabla ya hapo, mwezi Juni 1879, palikufa mtu mwingine Behobeho, kwa ugonjwa wa kuhara damu. Huyo alikuwa Keith Johnston, mchora ramani kutoka Uskochi, kiongozi wa msafara uliotumwa na Chama cha Jiografia cha London kutafuta njia ya kwenda Ziwa Nyasa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ametoka pwani wiki sita tu. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amepata kuliongoza hata kundi la mbuzi katika Afrika. Wapagazi walikuwa yapata 150. Na mnyapara wao mkuu alikuwa Myao aitwaye James Chuma.

Yafaa tumjue Chuma. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi alipokamatwa na wafanya biashara ya watumwa. Mwezi Julai 1861, katika nyanda za Mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi, David Livingstone na wamisionari wa Kianglikana waliufungua msafara wa watumwa aliokuwamo. Alilelewa na wamisionari, na mwaka 1864 Livingstone akamchukua pamoja na mwenzake Wikatani hadi Bombay, wakasomeshwa huko katika shule ya misheni ya Kiskochi. Mwezi Desemba 1865 alibatizwa na kuitwa James. Mwaka uliofuata alirudi Afrika pamoja na Livingstone katika safari yake ya mwisho.

Hapo msomaji atadhani kwamba nitasema: basi, alibatizwa, akawa mtu mwema. La. Mwaka 1868, kule kwa Mfalme Kazembe, Livingstone alipotaka kuelekea Ziwa Bangweulu, Chuma alikataa kwenda. Pamoja na wenzake wengine, akiwemo Abdullah Susi, walimwacha mzee yule mgonjwa aende na watu wachache tu. Walikuwa wamechoka, na kusema kweli walikuwa na haki ya kuchoka. Ubatizo ulikuwa na umri wa miaka miwili na nusu, na haukumzuia. Hata miaka minne baadaye, wakiwa Unyanyembe, Livingstone aliandika kwa mzaha kwamba Chuma ni mvivu kiasi cha kushindwa kupata mke. Na Chuma akajitetea kwamba uvivu ule ulitokana na kutokuwa na mke. (Nawajua akina baba kadhaa katika mtaa wangu ambao wangelishukuru kupata hoja hiyo mapema zaidi.)

Lakini Livingstone aliporudi kutoka Bangweulu, waasi wale walitaka kurudi kwake, naye akawapokea. Aliandika katika shajara yake kwamba yeye mwenyewe naye ana makosa yake. Ni maneno machache, na watu wengi wanaosimulia habari za Livingstone huyaruka ili wafikie simba, maporomoko na Stanley. Mimi naona kwamba hapo ndipo Chuma alipoanza kufinyangwa. Alikuwa ameisoma dini darasani Bombay, sasa alitendewa. Mtu aliyewahi kusamehewa deni ambalo hana cha kulilipia huanza kuhesabu mambo kwa namna nyingine.

Mtihani ulikuja tarehe 1 Mei 1873. Alfajiri, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Tafakari hali yao, ndugu msomaji. Bwana wao amekufa. Hakuna Mzungu mwingine karibu, wala balozi, wala askari, wala barua. Wako mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 1,500. Wana bunduki, wana vitambaa na shanga, wana masanduku yake. Wangaliweza kugawana na kutawanyika, na habari zingefika Unguja baada ya mwaka mmoja, zikiwa zimekwisha poa.

Jambo la kwanza walilofanya ni lile nililoliona Kisaki. Waliwakusanya watu wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele yao, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma katika shule ya wamisionari ya Nasik huko India, akaandika kila kilichokuwamo. Wote walitakiwa wawepo, asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakujua. Ndipo walipouzika moyo wa marehemu chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko, na mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa kwa kitambaa, ukatiwa ndani ya gome la mti, na kushonewa turubai. Chuma na Susi, waliokubaliwa na wenzao kuwa viongozi, wakatoka.

Sisemi kwamba walikuwa malaika. Yawezekana waliogopa pia kulaumiwa kwa kifo kile, na hofu ya namna hiyo si dhambi. Katika kijiji kimoja walichonyimwa nafasi walipigana, wakaua watu na kuteka mali, na damu ile imo katika hesabu. Lakini walitembea. Wengine waliugua, wengine wakafa. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, Tabora ya leo, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza mwenye cheo, akawashauri wauzike mwili pale pale. Mtu aliyetaka kuutua mzigo alikuwa amepewa ruhusa rasmi. Walikataa, kwa adabu, wakaendelea.

Toka hapo maofisa wawili walifuatana nao, na mmoja wao akajiua njiani. Basi mambo yaliwabaki wao. Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Chuma na wenzake wakafunga furushi la vijiti mfano wa maiti, wakalirudisha kwa huzuni kubwa njia ya Unyanyembe, wakalitupa kidogo kidogo porini. Na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa kitambaa. Wewe unayenunua mitumba Kariakoo, jua kwamba neno hilo lilikuwa la wapagazi kabla ya kuwa la wachuuzi. Na Kariakoo yenyewe yaitwa hivyo kwa sababu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa vita ile ya kwanza. Miji yetu imejengwa juu ya mabega ya watu ambao hatukuyaandika majina yao.

Mwezi Februari 1874 mzigo uliwekwa katika kanisa la misheni ya Bagamoyo. Safari ilikuwa imechukua miezi tisa. Siku iliyofuata ulivuka kwenda Unguja. Wapagazi wakalipwa mshahara wao, wakaagwa. Katika maziko yaliyofanyika London mwezi Aprili alikuwepo Jacob Wainwright peke yake kati yao wote. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha. Medali nazo zilitengenezwa wakati wengi wa wale sitini wamekwisha tawanyika.

Nimelitaja jina la Susi mara nyingi, na yapasa niseme wazi kwamba Susi alikuwa Mwislamu. Alikataa pamoja na Chuma mwaka 1868, akasamehewa pamoja naye, akaubeba mzigo pamoja naye. Alibatizwa mwaka 1886 tu, miaka kumi na miwili baada ya mzigo kufika. Kwa hiyo Mkristo anayetaka kulifanya jambo lile kuwa sifa ya kanisa lake pekee itambidi amwache njiani mmoja wa vichwa viwili vya msafara. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba imani ilimpa Chuma jambo la kulirudia: alijua kwamba aliyeanguka aweza kuitwa tena, na kwamba anayeitwa huitwa ili afanye kazi.

Sasa turudi Behobeho. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Chuma alikuwa na bwana aliyekufa mikononi mwake, na safari hii pwani haikuwa mbali. Kama ushujaa ungekuwa ni kukariri, angeufunga mwili wa Johnston na kurudi Dar es Salaam, na watu wangemsifu. Hakufanya hivyo. Johnston alizikwa pale pale. Kijana Thomson, aliyekuwa naye anaumwa homa, aliamua kuendelea mbele, na Chuma akawaongoza wapagazi wake nyuma ya kijana yule aliyekuwa mdogo kwake kwa umri. Mwezi Septemba 1879 walifika Ziwa Nyasa, kisha wakafika Tanganyika, na mwezi Julai 1880 walirejea pwani. Thomson alijivunia kwamba hawakuwa wamepigana na mtu yeyote. Alimsifu sana Chuma katika kitabu chake, wala hakuzificha kasoro zake. Mimi najiuliza kama ile damu ya mwaka 1873 haikuwa imemfundisha Chuma jambo. Alikufa Unguja mwaka 1882, kwa kifua kikuu, akiwa hajatimiza hata miaka arobaini.

Nilikuahidi sababu ya cheko langu kukwama. Miaka kadhaa iliyopita, huko uswahilini ninakokaa, nilipewa kutunza michango ya msiba wa jirani. Fedha zilikaa katika kopo, chini ya kitanda changu. Watoto wangu wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nilichukua, nikajiambia ni mkopo, na baada ya wiki tatu nilirudisha zote, haikupungua hata senti. Hakuna aliyejua. Lakini katika wiki zile tatu, mjane alikuja mara mbili mlangoni kwangu kuuliza fedha za saruji ya kaburi, na mara zote mbili nilimtazama usoni nikamwambia kwamba hesabu bado haijakamilika. Mvua za masika zilitangulia saruji. Kaburi lilititia, akalijazia udongo kwa mikono yake mwenyewe.

Fedha nililipa. Uongo sijaulipa. Watu wa mtaa wanizidishia heshima, na mara tatu tangu hapo wamenichagua tena mweka hazina, nami mara zote tatu nimepata udhuru wa kukataa. Huitwa unyenyekevu.

Mama yule yuko bado, nyumba ya nne kutoka kwangu. Macho yake hayaoni vema siku hizi, na kila Jumapili baada ya ibada mjukuu wake humsomea gazeti hili, ukurasa kwa ukurasa, hadi matangazo. Ukurasa huu ataufikia yapata saa tano. Mimi nimekusudia kubisha hodi saa nne.