Meno ya Kahawia si Uchafu

Katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, mtoto mwenye meno ya kahawia huambiwa kwamba hapigi mswaki. Wengine huchekwa hata wakazoea kuziba mdomo kwa kiganja. Huo ni uonevu. Meno hayo yameharibiwa na madini ya floraidi yaliyomo katika maji ya kunywa.

Mvua inaponyesha karibu haina madini hayo kabisa. Maji huzama ardhini polepole, yakipenya udongo, majivu na mawe ya volkano, na njiani huyeyusha madini yaliyomo, kama maji ya moto yanavyovuta rangi ya majani ya chai. Yakikaa chini muda mrefu huzidi kubeba. Floraidi haionekani wala hainuki; hivyo maji maangavu ya kisima kirefu yanaweza kuwa nayo nyingi kuliko maji ya mto yenye tope. Mama anayechemsha maji anafanya vema, maana anaua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke. Tena magadi tunayotia kwenye makande nayo huwa nayo, mengine nyingi mno.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Jino huharibika likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka 8, na likishaota hakuna dawa ya meno itakayolisafisha. Kiasi kikubwa kikinywewa kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika: mgongo hukakamaa, miguu ya watoto hupinda.

Kwa maoni yangu, tunashangilia visima mapema mno. Mfadhili akichimba, tunapiga ngoma na padre anabariki, kumbe majibu ya maabara hayajaletwa! Kamati ya maji idai kwanza karatasi ya vipimo.

Kituo cha Ngurdoto kimetafiti kwa miaka mingi uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Chujio hilo linafaa, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe. Mimi ningeanza na mabati ya kanisa na ya zahanati: mfereji, kisha tangi lenye mfuniko. Maji ya mvua za kwanza yamwagwe, yanayofuata yachemshwe. Yasipotosha wote, wapewe watoto wadogo kwa kunywa na kwa uji wao. Ya kisima yafulie nguo.