Chozi hafuati tofali

Wiki iliyopita mwenye nyumba wetu hapa Tabata aliita mafundi, wakang'oa uzio wote wa maua uliokuwa mbele ya nyumba. Sasa tunajengewa ukuta wa tofali, na juu vitawekwa vipande vya chupa. Eti usalama. Kesho yake asubuhi, nikiwa napiga mswaki, chozi wawili walikuja kama kawaida yao. Wakazunguka pale yalipokuwa maua, wakatua kidogo juu ya rundo la mchanga wa fundi, wakaondoka. Hawajarudi.

Najua wapo watakaosema huyu naye kakosa cha kuandika. Nchi ina matatizo chungu nzima, yeye analilia maua! Nisikilizeni kwanza.

Uzio ule ulikuwa wa tekoma, kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa yaliyochongoka kama tarumbeta. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Leo Wamarekani wa California na Florida wanaupanda makusudi ili kuwavuta kolibri, wale ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua huku mabawa yakivuma. Kolibri wanaishi mabara ya Amerika tu. Sisi tuna chozi. Hawana undugu wa karibu, lakini wote wana mdomo mrefu mwembamba na wote hunywa maji matamu ya maua. Yaani mwenzetu kavusha bahari mmea wa Afrika akamlisha ndege wake, sisi tunaukata kwa panga.

Marehemu Wangari Maathai, mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa akisimulia kisa cha kolibri. Msitu unawaka, wanyama wote wameduwaa, hata tembo na mkonga wake, ila kandege kale kanakwenda mtoni na kurudi na tone moja moja la maji. Tunampigia makofi Wangari, kisha tunarudi nyumbani kumwaga zege mpaka mlangoni.

Hoja za mwenye nyumba nazifahamu: nyoka, mbu, wezi. Mbu hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo aanze na lile pipa lake bovu nyuma ya choo. Nyoka, kweli, hupenda kichaka kilichoachwa kikawa pori. Dawa yake ni mkasi. Na mwizi? Akisharuka ukuta mrefu, jirani gani atamwona?

Kuupanda si kazi. Kata tawi lililokomaa kiasi, urefu kama wa kalamu. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, weka kivulini, mwagilia bila kuloweka. Mizizi ikishika, hamishia penye jua. Mpangaji mwenzangu usiye na ardhi, tumia ndoo kubwa iliyotobolewa chini. Ukihama, unahama nayo. Maua yakiisha punguza matawi, kwani mengine huja kwenye machipukizi mapya. Na usipulize dawa za wadudu: chozi hulisha makinda yake wadudu na buibui.

Ila usipande chochote kwa kuwa tu kina maua. Lantana nayo ni nzuri machoni. Ilitoka Amerika kama pambo la bustani, leo imevamia malisho Afrika Mashariki, na ni sumu kwa ng'ombe.

Mimi nilimwomba fundi matawi matatu kabla hayajachomwa moto. Yako kwenye ndoo mlangoni kwangu. Mwenye nyumba kayaona, kaguna, kapita. Kama na ndoo ni tishio kwa usalama, aje aniambie.

Wewe je, kwako chozi anatua wapi?