Faili la Hesabu Linauma

Mweka hazina wa chama kimoja cha akiba na mikopo alisimama juzi mbele ya wanachama kueleza jinsi ofisi yake ilivyobana matumizi. Hatua mojawapo aliyojivunia ni kuzima masasisho kwenye kompyuta zote, kwa kuwa "yanakula bando". Mama mmoja alipouliza kuhusu usalama akajibiwa: "Sisi tunatumia Excel tu, mama yangu. Zile ni namba. Namba hazidukuliwi." Ukumbi ukapiga makofi. Akiba yangu imo humo, na mimi sikupiga.

Imani hii nimeikuta mashuleni, kwenye vikoba, kwenye ofisi za kata na hata kwa wahasibu wenye vyeti ukutani: kwamba lahajedwali ni karatasi tu iliyohamia kwenye kioo, na kwamba apdeti ni usumbufu wa Wazungu wanaotaka kutumalizia fedha. Imani hiyo ni ya uongo, na inatugharimu.

Tuanze na hizo namba zisizodukuliwa. Machi 2011, wafanyakazi wa RSA, kampuni ya Marekani ambayo biashara yake ni kuuza ulinzi, walitumiwa barua pepe yenye faili la Excel kuhusu mpango wa ajira wa mwaka huo. Barua iliangukia kwenye kapu la barua taka. Mfanyakazi mmoja akaichomoa, akafungua kiambatisho. Ndani ya lahajedwali kulikuwa na kipande cha Flash, programu ya kuonyesha video na michoro, kilichopenya kwenye tundu la Flash yenyewe, na kupitia hapo wezi wakafika kwenye siri za SecurID, vile vifaa vya namba zinazobadilika ambavyo makampuni makubwa hutumia kulinda milango yao. EMC, kampuni mama, ilitumia dola milioni 66 kushughulikia balaa hilo. Nao walikuwa na udhuru: siku ile tundu halikuwa bado na kiraka, yaani sasisho la kuliziba. Sisi kiraka tunaletewa hadi mlangoni, tunakifukuza.

Sasa naomba tusikilizane, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Siku kiraka kinapotoka, mwizi naye ameonyeshwa tundu lilipo. Microsoft imekuwa ikitoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi tangu 2003. Anayejua kazi hiyo huchukua programu ya zamani na iliyosasishwa, akazilinganisha, akaona kilichobadilishwa. Kilichobadilishwa ndipo kosa lilipokuwa. Kabla ya Jumanne ile, waliojua tundu walikuwa wachache. Baada yake anaweza kulijua kila mwenye ujuzi na nia mbaya. Kwa hiyo anayezima masasisho habaki pale alipokuwa jana. Hatari yake imeongezeka ndani ya usiku mmoja, na yeye hajagusa kitu.

Mfano upo, tena wa aibu. Ndani ya Microsoft Office, kifurushi chenye Excel, kulikuwa na kijiprogramu cha kuandikia milinganyo ya hisabati, kilichotengenezwa Novemba 2000 na kuachwa humo miaka 17. Faili lenye jina la fonti refu kupita kiasi lilifurika kumbukumbu yake, na amri za mwizi zikaanza kutekelezwa. Hakukuhitajika makro, yale maagizo yanayopachikwa ndani ya faili. Ilitosha kufungua faili na kubofya ule ukanda wa njano ambao sote tunaubofya bila kuusoma. Kiraka kilitolewa tarehe 14 Novemba 2017. Haikutimia hata wiki moja, kampuni ya FireEye ikaona tundu hilohilo likitumika dhidi ya taasisi ya serikali Mashariki ya Kati. Mei 2020, FBI na wenzao wa usalama wa mitandao Marekani walipoorodhesha matundu yaliyotumiwa zaidi na wadukuzi kuanzia 2016 hadi 2019, hilo lilikuwamo. Kiraka kilikuwapo, bure, kinamsubiri mwenye kompyuta akubali.

Halafu anatokea mtu ananiambia wadukuzi wanatafuta mabenki, sisi wanyonge tuna nini? Hoja hii inanichosha kuliko zote. Barua yenye "ankara" au "orodha ya bei" hutumwa kwa maelfu ya anwani kwa mkupuo mmoja. Haiulizi mtaji wako wala haijui kama ofisi yako ina bati jipya. Inatafuta kompyuta isiyozibwa, basi. Programu hasidi ya WannaCry ya Mei 2017 haikuchagua. Iliingia hata hospitali za Uingereza kupitia tundu la Windows lililokuwa limetolewa kiraka miezi miwili kabla.

Bando? Ofisi inayolia bando ndiyo hiyohiyo inayolipa posho za semina zisizo na matokeo, na yenye meza ya mninga ya mwenyekiti isiyopita mlangoni. Leseni ya programu haimo kwenye bajeti. Anaitwa fundi, anaweka Office ya kuibia, na jambo la kwanza analofanya ni kuzima masasisho ili wizi wake usigundulike. Anamwambia mteja, "Nimekuzimia apdeti, zisikusumbue." Fundi wa namna hiyo amekuuzia ugonjwa, na wewe umemshukuru na kumpa nauli.

Ndani ya faili hilo la "namba tu" kuna majina yetu, simu, namba za NIDA, mishahara, na nani kashindwa kurejesha mkopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kubana bando hakumwondolei wajibu huo.

Office 2010 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2020. Matoleo ya 2016 na 2019 nayo yaliachwa Oktoba 2025. Kama leseni mpya ni ghali, LibreOffice ni bure na inafungua mafaili ya Excel. Lakini nayo, mwaka 2023, ilikutwa na kosa katika namna inavyosoma fomula za lahajedwali, likazibwa kwa toleo jipya. Atakayeiweka leo na kuzima masasisho kesho amerudi palepale.