Kabla Hujamwonea Nyani Huruma

Wewe wa Busia au Malaba unayekimbilia Osieko wikendi kuogelea, hebu tuongee. Hayo maji ya ziwa yana konokono, na konokono ndio hubeba vimelea vya kichocho. Vinapenya ngozi, wala huhisi kitu.

Dawa huku si ngeni. Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo uliofikia shule 75 za Budalang'i na Funyula. Shida ni kwamba kidonge cha kichocho huua minyoo iliyokomaa tu, hakikukingi. Ukirudi majini, unaambukizwa tena. Tunachohitaji ni chanjo, na bado hakuna iliyoidhinishwa.

Sasa, chanjo haijaribiwi kwa binadamu kwanza. Nani atakubali apasuliwe ini lionekane mayai yamelila kiasi gani? Ndiyo maana wanasayansi hutumia panya, na pia nyani katika taasisi ya utafiti pale Karen, Nairobi. Kichocho humshika nyani karibu kama sisi.

Najua utauliza: mnyama amekosa nini? Swali poa, bana. Mimi chuo niliacha, lakini hili nimelielewa: tangu 1959 kuna kanuni tatu. Kama kuna njia nyingine, itumie. Wanyama wawe wachache. Maumivu yapunguzwe.

Dai hizo kanuni zifuatwe, hata kwa kelele. Ila usidai utafiti ufungwe. Ukifungwa, mtoto anayechota maji Osieko ataendelea kumeza kidonge kilekile kila mwaka.